Mwalimu Kuruthumu na Swali la Watoto Tisa

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo nimekuwa mwalimu wa taaluma, yaani yule anayepanga ratiba, anayekagua maandalio ya masomo na anayelaumiwa matokeo yakiwa mabaya. Sishangai ovyo. Nimeona walimu wapya wakiingia kwa mbwembwe na kuondoka kwa machozi. Nimekaa kwenye semina za siku tatu zenye chai na sambusa, nikarudi nilivyokwenda. Lakini nakiri mapema: Mwalimu Kuruthumu Pazi alinishangaza, na mpaka leo nikipita nje ya darasa lake napunguza mwendo.

Shule yetu iko kati ya Kerege na Mbegani, upande wa baharini wa barabara. Watoto wanatoka nyumba za kila namna: wa wavuvi, wa wakulima wa mihogo na korosho, wa mafundi waliohama Dar kufuata viwanja vya bei nafuu. Wapo wanaoanza darasa la kwanza nyumbani kwao wakisema Kikwere, Kiswahili chao ni cha kuokoteza njiani. Darasa la pili peke yake lina watoto tisini na wanne. Ndilo alilopewa Kuruthumu alipohamia kwetu, na niliyempa ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka.

Ni mwanamke mfupi, hajafika arobaini, anatembea upesi na kuongea polepole. Huko kuongea polepole kuna sababu. Alipokuwa mdogo kule Mbegani alikuwa na kigugumizi kibaya, hata jina lake mwenyewe lilimtoa jasho. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alidhani ni kiburi, akamchapa, na tangu siku ile mtoto akaacha kabisa kusema darasani kwa miaka miwili. Kilichomwokoa ni madrasa. Kwenye kasida ulimi wake haukukwama hata mara moja. Alinisimulia hayo huku akicheka na kupanga madaftari.

"Mwalimu Abdullatif, maneno nilikuwa nayo yote kichwani. Nilikosa mlango wa kuyatolea tu."

Wiki yake ya kwanza nilikwenda darasani kwake kulalamikia kelele. Nilikuta kona moja watoto wanaimba jedwali la mbili kwa mahadhi ya kasida. Kona nyingine wamechuchumaa mbele ya sinia za mchanga, wanaandika kwa kidole. Farhan, ambaye ubao hauoni hata umkalishe chini yake, alikuwa na herufi zilizokatwa kwenye kandambili kuukuu, anazipapasa na kuzitaja moja moja. Mtoto mmoja wa Kikwere alikuwa amekaa na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, wananong'onezana. Katikati ya zogo hilo Kuruthumu amepiga magoti sakafuni, ushungi umejaa chaki.

"Unafundisha nini hapa?" nikamuuliza.

"Herufi na tarakimu, Mwalimu."

"Mbona kila mmoja anafanya lake?"

"Wote wanafanya lilelile," akasema, na akaendelea kumshika mtoto kidole.

Nilirudi ofisini nimekasirika, kisha nikashindwa kujua nimekasirikia nini. Mwezi wa sita nikawapima kusoma. Mwaka uliotangulia, darasa hilohilo lilitoa watoto arobaini na mmoja wanaosoma. Safari hii walikuwa sabini na wanane. Nilirudia kuhesabu, nikidhani nimekosea. Farhan alinisomea sentensi nzima kwa vidole, uso ameuelekeza dirishani, na mimi mtu mzima nikajikuta nimeshika mdomo.

Hata hivyo nilikuwa na kitu changu cha kumshindia, na kitu hicho kilikuwa msichana mmoja anayeitwa Adila.

Adila alikuwa na miaka tisa na alikuwa anarudia darasa la pili. Alilelewa na bibi yake, Bi Dija, msusi wa mikeka anayejulikana mtaa mzima. Kusoma alisoma kiasi, kuandika aliandika vizuri, kuhesabu alipata sifuri. Kila mwisho wa mwaka mimi mwenyewe hupima kuhesabu, mtoto mmoja mmoja ofisini, kwa karatasi niliyoitunga na kuichora kwa mkono wangu. Naijivunia karatasi ile. Picha ya kwanza ina watoto tisa wanacheza. Ya pili ni kuku, ya tatu ni mbuzi. Nilichagua viumbe kwa kuwa watoto wanapenda viumbe. Adila alipoulizwa watoto ni wangapi aliitazama picha, akainamisha macho, akanyamaza kimya. Kuku, kimya. Mbuzi, kimya.

Cha ajabu, hesabu tupu za ubaoni, tano ongeza tatu, mara nyingi alizipata. Mimi nikawa na maelezo yangu tayari. Nilichukua daftari lake nikaandika kwa wino mwekundu: "Anaigilizia."

Mwezi wa kumi na moja Bi Dija akaja ofisini. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akavuta kanga yake.

"Mwalimu, mjomba wake Khamis ana mgahawa Msata, pale yanaposimama mabasi. Anataka mtu wa kumsaidia vyombo. Mtoto akishindwa na safari hii, namkabidhi. Asikae hapa akachekwa na vitoto vidogo."

Nikamwambia ni uamuzi wa busara. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri.

Bi Dija hajafika getini, Kuruthumu kaingia bila hodi. Kumbe alisikia.

"Nipe wiki tatu kabla hujampima."

"Wiki tatu zitafanya nini ambacho miaka miwili haikufanya?"

"Sijui bado," akasema. "Ndiyo maana nazitaka."

Jumamosi iliyofuata akaniambia anakwenda nyumbani kwa mtoto, na kama nina nafasi nimsindikize. Nilikwenda, kusema kweli, ili nikamwone akishindwa. Tulimkuta Bi Dija barazani amezungukwa na ukindu uliotiwa rangi, anasuka ukili, ule mkanda mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Adila alikuwa nyuma yake na ukili wake mwenyewe. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha. Kuruthumu akakaa chini, akachukua chane za ukindu, naye akaanza kusuka, vibaya kwelikweli. Bi Dija akamcheka na kumrekebisha. Wakawa wanazungumza mambo ya mvua na bei ya rangi, mimi nimekaa kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana harusi.

Watoto walikuwa wanapita wakikimbizana. Kuruthumu akauliza kama anayepitisha muda tu, "Hawa wajukuu umejaaliwa wangapi, Bibi?"

"Wapo, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Wengi?"

"Wapo kama Mungu alivyowaweka."

Kuku wakapita na vifaranga vyao. "Na kuku je?"

"Wapo wapo."

Nilimwona Kuruthumu ameacha kusuka. Akauliza, "Na huu ukili wako una chane ngapi?"

Aliyejibu ni Adila, wala hakuinua kichwa. "Wa Bibi kumi na tatu. Wangu mimi kumi na tisa, kwa sababu una maua. Bibi naye akitaka maua aongeze sita."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaingilia, kwa ukali wangu wa ofisini. "Mkeka mmoja unataka ukili wa urefu gani?"

"Pima ishirini na nne, Mwalimu. Bibi anasuka pima mbili kwa siku, mimi moja. Siku nane tunamaliza."

"Na Bibi akiugua?"

"Siku ishirini na nne," akasema papo hapo. Kisha akaongeza, "Lakini Bibi hataugua, inshallah."

Huyu ndiye mtoto niliyempa sifuri mara mbili. Nikiwa bado sijaamini, nikanyoosha kidole uani. "Haya, nihesabie wale kuku."

Adila akamtazama bibi yake, akainamisha macho. Kulekule kuinamisha macho kwa ofisini. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi nikalisoma kuwa ni ujinga.

Bi Dija akaweka ukili pajani. "Mwalimu, shusha kidole. Katika nyumba hii hatuhesabu kilicho hai. Mwaka wa themanini na nane alikuja karani wa sensa, kijana mwema tu, akaniuliza watoto wangapi. Nikamtajia kwa idadi, saba, tena kwa kujisifu. Ramadhani iliyofuata haijafika, surua ikanichukulia wawili. Tangu hapo sitaji. Na kila niliyemlea nimemfundisha asitaje. Mtu haorodheshi neema akaianika kwenye jua."

Watu wa kwetu wengi wanaogopa kijicho, hata mama yangu alikuwa anapunguza sifa ya mtoto mbele ya wageni. Lakini haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtoto anaweza kusimama mbele ya karatasi yangu, jibu analo, akachagua kupata sifuri kuliko kuvunja mwiko wa bibi yake.

Njiani kurudi nilitarajia Kuruthumu aniombe nibadilishe picha, na aliniomba. Chora vikapu, akasema, chora madafu. Hapo ukaidi wangu ukarudi.

"Karatasi ni moja kwa wote. Nikimbadilishia mmoja, kesho kila mmoja atataka ya kwake."

"Kila mmoja na ya kwake ndiyo kazi tuliyoajiriwa, Mwalimu."

"Basi mfundishe ahesabu watu, yaishe."

Akasimama katikati ya njia. "Hilo sitalifanya. Nimfundishe kuvunja neno la bibi yake, kisha jioni anarudi kulala nyumba ipi?"

Akashika njia upesi, nami nikamfuata nyuma mpaka shuleni.

Wiki mbili zilizobaki nilipita karibu na darasa lile mara nyingi kuliko kawaida, nikijifanya nakwenda bombani. Hakumtenga Adila wala hakumtaja. Alilibadilisha darasa zima. Alitoa swali moja, kisha akawataka watoto walijibu kila mtu kwa njia yake. Huyu alipanga maharage, yule alipiga makofi, mwingine alichora, mwingine alisimulia kisa. Farhan alijibu kwa kupapasa vifundo kwenye kamba. Kuruthumu alikuwa akiwarudia maneno yaleyale: "Swali likikukatalia kwa mbele, lizunguke. Huruhusiwi kusema uongo, na huruhusiwi kukaa njiani. Lakini kuzunguka ruksa." Watoto tisini na wanne, na kila mmoja anatazama swali kama nyumba anayotafuta pa kuingilia. Nimekagua madarasa mengi. Sijawahi kuona kitu kama kile, na sikujua nikiandike safu gani kwenye fomu yangu ya ukaguzi. Adila mwenyewe alikuwa kimya, anatazama wenzake.

Siku ya kipimo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Khamis alikuwa ameshafika na pikipiki yake kutoka Msata, mtu mchangamfu, ananisalimia kwa heshima zote. Bi Dija alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi na mfuko wa nguo za mtoto miguuni. Ulikuwa umeshafungwa. Kuruthumu alisimama nje ya dirisha, mikono ameificha ndani ya ushungi.

Adila akaingia. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Nikaweka karatasi mezani. "Watoto hawa ni wangapi?"

Akaitazama. Akainamisha macho.

Nikasubiri. Nje Khamis aliwasha pikipiki kuijaribu, akaizima. Nikasubiri tena. Nakiri nilikuwa nataka ajibu kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote ndani ya ofisi ile, na nakiri vilevile kwamba kalamu yangu ilikuwa imeshagusa karatasi na duara la sifuri limeanza.

"Mwalimu," akasema.

"Enhe."

"Hawa wakija kwetu asubuhi kunywa chai..." Akanitazama usoni, mara ya kwanza katika miaka miwili. "Mimi ndiye ninayetoa vikombe. Vitatakiwa vikombe tisa."

Nikasogeza kidole picha ya pili.

"Hawa wakitaga wote leo, Bibi ataokota mayai sita."

Picha ya tatu. "Kuwafunga, nitahitaji kamba nne."

Nikamsomea swali la mwisho, lile gumu, ambalo nusu ya darasa hulikosa kila mwaka. Wale watoto wa kwanza wanacheza, wakaja wengine watano. Jumla?

"Vikombe kumi na vinne," akasema. Kisha akakunja uso, mambo ya nyumbani yamemwingia. "Lakini kwetu havifiki. Wengine watangoja wenzao wamalize."

Miaka kumi na moja nimewauliza watoto swali lile. Wamenijibu tisa, wamenijibu nane, wamenijibu kwa kukisia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwakaribisha chai wale watoto wangu wa kuchora. Hakuvunja neno la bibi yake, hakusema uongo, na hesabu zote zilikuwa sahihi. Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Nikalifuta lile duara. Nikamwomba daftari lake, nikakata maneno yangu mekundu, nikaandika pembeni, "Nilikosea mimi," na nikatia sahihi.

Nilipotoka nje sikuweza kumtazama Kuruthumu. Nikamwambia Bi Dija kwamba mtoto amefaulu kuhesabu, alama zote, na mwezi wa kwanza anaingia darasa la tatu. Khamis akacheka kwa nguvu, akasema basi mgahawa utatafuta mtu mwingine, na akamnyanyua mpwa wake juu. Bi Dija hakucheka. Alifungua ule mfuko wa nguo palepale kwenye benchi, akaanza kuzitoa moja moja na kuzikunja upya mapajani.

Ikabaki fomu ya kupandishwa darasa. Tulikaa nayo sote ofisini. Jina, umri, mlezi. Halafu ikafika ile sehemu inayouliza idadi ya watoto wanaoishi nyumbani. Katika fomu zote za Adila sehemu hiyo ilikuwa wazi, au nimeijaza mimi kwa kukisia. Nikataka kuiruka. Bi Dija akauliza imeandikwa nini hapo, na Kuruthumu akamweleza kwa upole, akisema si lazima.

Bi Dija akafikiri. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Mwambie mwalimu, vikombe vya watoto ni vingapi."

"Vinane, Bibi."

"Vinavyonywewa chai, mama."

"Sita."

Nikaandika sita. Na mimi, kwa mazoea ya mtu wa hesabu, nikauliza, "Na vile viwili vingine?"

Kuruthumu alinishika mkono, lakini nilikuwa nimeshasema. Bi Dija hakukasirika. Alinyoosha nguo iliyokuwa mapajani mwake, akapitisha kiganja juu yake mara mbili tatu.

"Vile ni vya wanangu," akasema. "Naviosha kila asubuhi pamoja na vingine."